Kwa Nini Digrii Haikupi Nyota: Jeshi Linavyopanga Watu na Shule Zake

Kila tangazo la Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) la kuandikisha vijana likitoka, magrupu ya WhatsApp ya huku kusini yanawaka moto. Mama wa Tandahimba anatuma picha za vyeti vya mwanae, mjomba wa Ruangwa anauliza nani ana namba ya mkubwa yeyote pale Dodoma, dogo aliyemaliza Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) pale Nachingwea anauliza mbona wenzie wameitwa na yeye bado, alafu kuna yule ambaye kaka yake ni koplo wa miaka mingi, kajisomesha Chuo Kikuu Huria kwa mshahara wake huohuo mpaka kapata digrii, kaipeleka kikosini, wamempa mkono wa hongera, wameiweka kwenye faili, na V zake mbili za ukoplo ziko palepale. Watu wanafunga mjadala kwa neno moja tu, kujuana. Sibishi, penye binadamu hilo lipo. Ila ukikaa na wastaafu wa jeshi waliotulia hapa Mtwara, wale wanaopenda kuongea, unagundua sehemu kubwa ya haya mambo inaeleweka bila kumtafuta mchawi.

Msingi wa yote ni kwamba jeshi haliajiri jenerali. Hospitali ikikosa daktari bingwa inatangaza nafasi, anakuja mtu kutoka hospitali nyingine, kesho anaanza kazi. Bandari ikikosa meneja inachukua wa bandari nyingine au hata wa kampuni binafsi. Jeshi likikosa kanali haliwezi kuweka tangazo gazetini kwamba anatafutwa kanali mwenye uzoefu wa miaka ishirini, atoke wapi? Jeshi la nchi nyingine? Anayeongoza brigedi leo aliingia jeshini zamani akiwa kijana wa kupigishwa kwata, na atakayeongoza baada ya miaka ishirini na tano yupo saivi mahali fulani ana nyota moja begani na anasahihishwa salamu. Ni kama mikorosho tu, ukiacha kupanda miche mwaka huu hutaona tofauti yoyote msimu huu wala ujao, utaona siku miti yote shambani imezeeka kwa pamoja na hakuna wa kushika nafasi, na hapo hata uwe na hela kiasi gani huwezi kununua muda.

Kwaiyo watu wa utumishi jeshini (wanaoshughulika na kuandikisha, vyeo, uhamisho, kustaafu) na watu wa mafunzo (wanaoshughulika na kozi na vyuo) wanafanya kazi moja hata kama ofisi zao ni mbili. Wote wanajaribu kujibu swali la nani atakuwa wapi miaka kumi, ishirini ijayo. Wakielewana jeshi linatulia. Wasipoelewana mtu anasomeshwa kitu ambacho hatokuja kukitumia, na nafasi inajazwa na mtu ambaye hajasomea.

Nchi yetu ililijua hili kwa njia chungu. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961 ila jeshi, Tanganyika Rifles, liliendelea kuwa na maafisa wengi Waingereza, kwa sababu huko nyuma mkoloni hakuona haja ya kuandaa maafisa Waafrika, na afisa huwezi kumtengeneza kwa wiki mbili. Askari wakaona uhuru umefika kila mahali isipokuwa kambini. Januari 20, 1964 wakaasi pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, ndo Lugalo ya leo, wakidai mishahara bora na maafisa Waingereza waondoke. Uasi ukasambaa mpaka Tabora, na Nachingwea huku kwetu nako kukaguswa. Mwalimu Nyerere ikabidi aombe msaada kwa Waingereza haohao, wakashuka tarehe 25 na kuwanyang'anya waasi silaha. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1, 1964 ikazaliwa JWTZ, mkuu wake wa kwanza akiwa Mirisho Sarakikya, mmoja wa wachache waliokuwa wamepitia Sandhurst, chuo cha maafisa kule Uingereza. Watu husimulia yale maasi kama stori ya siasa na bunduki, ni sawa, ila kwa macho ya mtu wa utumishi lile lilikuwa deni la miaka mingi ya kutopandisha na kutosomesha watu, siku moja likadaiwa lote kwa mkupuo.

Haya sasa turudi kwa dogo wa Nachingwea.

Kikosi cha 843 KJ pale Nachingwea ni cha JKT, na JKT ilianza Julai 1963, yaani ni kubwa kwa umri kuliko hata JWTZ yenyewe. Huku kusini mtu akisema mwanangu kaenda jeshi mara nyingi anamaanisha JKT, na mkanganyiko unaanzia hapo. Kuna wanaoenda kwa mujibu wa sheria, hao ni wa kidato cha sita, wanakaa miezi michache wanarudi kwenda chuo. Huu utaratibu ulisimama 1994 ukarudi 2013, ndo maana una kundi zima la watu wa umri fulani ambao hawajui hata kugeuka nyuma. Na kuna wanaoenda kwa kujitolea, hao ndo wanaokaa miaka miwili, wanajifunza ukakamavu, uzalendo, kilimo, ufundi, wanajenga, wanalima. Ila yoyote kati ya hizo mbili sio ajira ya jeshi. Cheti cha JKT mara nyingi ni sharti la kuomba JWTZ, na vyombo vingine vya ulinzi navyo hupenda kuchukua humo, lakini sharti la kuomba na ahadi ya kupata ni vitu viwili, na kila mwaka kuna vijana wanaovichanganya. Mwaka 2021 vijana 854 waliokuwa JKT walisitishiwa mikataba baada ya kugoma wakidai waajiriwe kama walivyoamini wameahidiwa. Nawaelewa walivyojisikia. Ukishalala kambini miaka, umejenga, umelima, umeapa, moyo unakwambia tayari wewe ni askari. Ila hesabu ya nafasi haijui moyo wako unasema nini.

Hiyo hesabu ndo inaitwa ikama. Kila kikosi kina karatasi inayosema kinatakiwa kuwa na madereva wangapi, wapishi wangapi, mafundi mitambo, wauguzi, mapraiveti, masajenti, makapteni. Wakistaafu watu mia mahali fulani zinafunguka nafasi mia, tena sio mia zozote, ni za fani fulani na cheo fulani. Mwaka ambao jeshi linahitaji mafundi umeme na wauguzi, wewe mwenye kidato cha nne kitupu hata uwe na mbio za kushinda pikipiki unaweza kukosa na jirani yako mwenye cheti cha ufundi cha VETA akapita. Ukiangalia matangazo yenyewe utaona umri wa mwisho wa wenye shahada uko juu kuliko wa kidato cha nne, na wa madaktari bingwa uko juu zaidi, watu wanalalamika ni upendeleo. Ni hesabu ya umri tu. Kijana wa kidato cha nne ataanza chini kabisa kwenye ngazi ndefu, akiingia na miaka thelathini atakuwa na magoti ya mzee kabla hajafika usajenti. Daktari anakuja na kazi yake mkononi, hawamtarajii akimbie na bunduki kila asubuhi.

Kitu ambacho wazazi wengi hawajui ni kwamba jeshi lina milango miwili na ngazi mbili. Mlango wa askari unaanzia depo, pale wanapofundishwa makuruta na uraia wako unapoishia, unatoka praiveti, unapanda koplo usu, koplo, sajenti, sajinitaji, mpaka afisa mteule daraja la pili na la kwanza. Mlango wa afisa unapita chuo cha Monduli, mtu anaitwa afisa mwanafunzi, akimaliza anatunukiwa kamisheni na Rais na anatoka na nyota moja, luteni usu, alafu luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, na juu ya hapo majenerali. Ukiwa kwenye ngazi ya kwanza hupandi mpaka ukaangukia kwenye ya pili. Kuna wanaovuka, askari wazuri wanachaguliwa kwenda Monduli wakiwa bado na umri, lakini lazima mtu achaguliwe, apite usaili, aanze kozi ya uafisa kama mwanafunzi. Hakuna siku faili la koplo litafunguliwa aonekane ana digrii alafu apewe nyota kwa posta.

Kwaiyo yule kaka mwenye digrii, tatizo lake kubwa ni kwamba digrii inaonyesha amesoma, na jeshi linauliza amesomea nafasi ipi. Kama kasoma uhasibu na kitengo cha fedha kina nafasi, na umri wake unaruhusu, na mkuu wake anampendekeza, hiyo digrii inaweza kumfungulia mlango. Kama kasoma maendeleo ya jamii na yeye ni dereva, jeshi litamheshimu, ila ikama ya madereva haijabadilika. Mimi hapa nakuwa na maoni yangu, naona majeshi mengi yanapoteza vipaji kwa kutokuwa na njia nyepesi ya kumtumia mtu aliyejiendeleza mwenyewe. Ila pia ukianza kupandisha kila mwenye cheti utaamka una masajenti elfu na mapraiveti mia, sasa nani atalinda geti?

Hebu tuangalie huo mlima ulivyo. Chukua batalioni ya kawaida ya askari wa miguu, kokote duniani haipishani sana. Platuni moja ina watu kama thelathini na inaongozwa na luteni. Platuni tatu hivi zinafanya kombania, inaongozwa na meja au kapteni. Kombania nne au tano ndo batalioni, na batalioni ina kamanda mmoja, luteni kanali. Batalioni tatu nne unapata brigedi, brigedia mmoja. Maluteni kama kumi na mbili waliokaa meza moja kwenye mess wakicheka, wanne tu watapata kombania, mmoja tu atapata batalioni, na wa kupata brigedi unaweza umkose kabisa kwenye hiyo meza. Hao wengine sio wabovu. Wengi wataenda kazi za makao makuu, vyuoni, ubalozini, ulinzi wa amani, ila nafasi za kuamuru zinabaki chache na ndo kila mtu anazitolea macho.

Marekani wao wakaamua kulimaliza kwa ukali. Sheria yao ya 1980 inapanga idadi ya maafisa kwa kila cheo, na afisa akipitwa mara mbili kwenye kupandishwa kwa kawaida anaaga. Panda au toka. Faida yake njia inabaki wazi kwa vijana, hasara yake unamtoa fundi mzuri wa miaka arobaini ambaye shida yake ni moja tu, hataki kuwa bosi, anataka kuendelea na rada zake. Na watu wakishajua watatolewa, kila mmoja anatafuta kazi zinazopandisha cheo na kukwepa zisizopandisha hata kama nchi inazihitaji. Majeshi mengine hayana ukali huo, badala yake yanatumia umri wa kustaafu unaopishana kwa cheo, praiveti anaenda nyumbani mapema kuliko jenerali. Ndo maana hapa Mtwara unakutana na mstaafu wa jeshi ambaye bado ana nguvu za kuchimba kisima, wakati mwalimu waliyelingana naye umri bado yuko darasani.

Sasa shule. Raia anasoma mwanzoni, akimaliza anafanya kazi. Afisa wa jeshi anasoma vipande vipande maisha yake yote ya kazi, kila kipande kimefungwa kwenye cheo. Monduli ni ya kuingilia, saivi pale kuna mpaka shahada ya sayansi ya kijeshi. Baadaye kuna kozi za silaha na fani yake, mizinga, mawasiliano, uhandisi, chochote alichopangiwa. Akifika umeja hivi wachache wanachaguliwa kwenda chuo cha ukamanda na unadhimu pale Duluti, Arusha, mwaka mzima hivi wa kujifunza kupanga kazi ya maelfu ya watu badala ya watu thelathini. Na juu kabisa kuna Chuo cha Taifa cha Ulinzi Kunduchi, kilichofunguliwa 2012, ambapo makanali na mabrigedia wanakaa darasa moja na wakubwa wa polisi, wizara na maafisa wa nchi rafiki wakijadili uchumi, chakula, mipaka, maji. Kwetu tunaopakana na Msumbiji hayo sio ya vitabuni, yale mashambulizi ya Cabo Delgado yalipoanza 2017 ilionekana wazi kwamba mpaka wa Ruvuma haulindwi na bunduki peke yake, kuna wavuvi, wafanyabiashara, ndugu wa pande zote mbili, na afisa asiyeelewa hayo ataharibu.

Kuchaguliwa kwenda Duluti kwahiyo ni zaidi ya kwenda shule, ni dalili kwamba jeshi linakuona una safari mbele. Ndo maana asiyechaguliwa anaumia na anayechaguliwa anafanyiwa sherehe nyumbani.

Ila mimi nikipewa nafasi ya kuonyesha mahali ambapo majeshi mengi duniani yanakosea, siendi kwenye uchaguzi wala kwenye silabasi. Naenda kwenye siku ile mtu anapomaliza kozi. Anapangiwa wapi? Unamtoa mtu kazini mwaka mzima, umemlipa mshahara, umemlisha, umemfundisha kupanga vifaa vya brigedi nzima, alafu unamrudisha kwenye meza ileile ya kupokea barua. Miaka miwili mbele amesahau nusu ya alichosoma. Hilo la kupangiwa ni la watu wa utumishi, shule ni ya watu wa mafunzo, na kama kalenda zao hazizungumzi, nafasi inafunguka Machi na mtu anamaliza kozi Julai, imeshajazwa.

Wamarekani walijifunza hili kwa aibu. Mwaka 1980 walituma vikosi kuwaokoa mateka wao Iran wakashindwa jangwani, 1983 wakaenda Grenada wakashinda lakini jeshi la nchi kavu na la majini hata kuongea kwa redio ilikuwa shida. Kozi za majeshi hayo kufanya kazi kwa pamoja walikuwa nazo miaka yote. Ila afisa mjanja alikuwa anakwepa kazi za pamoja kwa sababu wanaopandishwa ni waliobaki kwenye jeshi lao. Sheria ya Goldwater-Nichols ya 1986 ikagusa palipouma, ikasema hutafikiriwa kuwa jenerali mpaka uwe umetumikia kwenye kazi ya pamoja. Ghafla zile kozi zikaanza kugombaniwa. Silabasi za miaka yote hazikufanya kitu, sharti moja la kupanda cheo ndo likafanya.

Jambo la pili ni wakufunzi. Kuna majeshi ambayo ukipangiwa kufundisha chuoni unaona umetupwa. Huku kwetu tuna mfano wa kinyume kabisa. Miaka ya 60 FRELIMO, chama kilichokuwa kinapigania uhuru wa Msumbiji, kilikuwa na kambi za mafunzo hapa nchini, kwanza Kongwa alafu Nachingwea, na mmoja wa waliosimamia mafunzo hayo ni Samora Machel, aliyekuwa amepata mafunzo Algeria. Walimweka mtu wao bora kwenye shule wakati vita inapiganwa ng'ambo ya mto, unaweza kusema walimpoteza front. Lakini wapiganaji wengi waliovuka Ruvuma wakawa wamepita mikononi mwake, na kuanzia 1967 wasichana nao wakaingia mafunzo pale Nachingwea. Mwaka 1970 akawa kiongozi wa chama chao na 1975 Rais wa Msumbiji, huku maafisa wengi wa jeshi jipya wakiwa watu waliofundishwa kwenye lile vumbi la Nachingwea. Wazee wa kule wanaisimulia hadi leo, ila wachache wanaiona kama somo la namna ya kupanga watu.

Kuna na suala la siasa, nalipita haraka. Enzi za chama kimoja mwanajeshi alikuwa mwanachama, kulikuwa na makomisaa wa siasa, na afisa aliweza kupelekwa kufanya kazi ya chama. Jakaya Kikwete ni mfano, alikuwa afisa na alifanya kazi za chama wilaya za Nachingwea na Masasi miaka ya 80. Vyama vingi vilipokuja 1992 ikabidi kuchagua, magwanda au siasa, yeye akastaafu akiwa luteni kanali. Uamuzi ule ulibadilisha njia za maisha ya maafisa wengi kuliko kozi yoyote ya Monduli au Duluti.

Na sasa hela, maana najua kuna mjomba anasoma hapa akiwa na bahasha ya korosho mfukoni. Kule Uingereza mpaka 1871 cheo cha uafisa cha askari wa miguu na farasi kilikuwa kinanunuliwa hadharani, kwa bei iliyopangwa, na anayeondoka anamuuzia anayekuja. Walikifuta kwa sababu unapata makamanda wenye hela badala ya makamanda wenye akili. Huku kwetu hakikuwahi kuwepo, na anayekupigia simu akisema ana nafasi tano za JWTZ, laki nane kila moja, hana kitu cha kukuuzia. Nafasi zimefungwa kwenye ikama, fani, umri, afya na usaili, na jeshi lenyewe linatangaza kila mara kwamba kujiunga ni bure. Mpelekee polisi hiyo namba.

Hela ya korosho kama ipo, na dogo ana miaka kumi na tisa, mpeleke VETA, iwe ya Mtwara au ya Lindi, akasome umeme wa magari au ufundi bomba kwanza, alafu aombe JKT ya kujitolea kama umri wa kwenye tangazo utamruhusu. Akiwa na ishirini na nne na bado hajaanza popote, mwambie ukweli mapema, msimu ujao wa matangazo huenda umri umeshampita.